Gumba Kwenye Nta

Sikonge, Juni 1971

Shikamoo Mama Mkubwa,

Blanketi lako linanifaa, baridi imeanza. Sisi wanagenzi wa utafiti wa nyuki bado tunajifunza jinsi nta inavyolainika. Kila mmoja huibonyeza kwa kidole gumba ingali vuguvugu, ajue ulaini wake.

Nasikia mnataka kuanua matanga ya Kalisti. Tangu mwanao huyo, mwanagenzi mwenzetu, apotelee porini alikokwenda kukagua mizinga, kila asubuhi tunakuta alama ya gumba lenye kovu kama lake kwenye nta iliyoganda. Mwalimu anasema ni panya. Panya gani ana gumba?

Leo nimeigusa. Nta yote ilikuwa baridi, ila pale alipobonyeza palikuwa na joto.

Tafadhali, msianue kwanza.

Mwanao,
Josepha