Kui Atashinda kwa Nani?

Jumatano, 6 Agosti 2025

Sellah amepata kazi! Kazi ya serikali, ya ualimu, ile ameingoja tangu nimjue. Alipiga nduru mpaka jirani akaja mbio na mwiko akidhani ni nyoka. Kui akaona mamake anaruka, na yeye akaanza kuruka kwa makalio, pale sakafuni, meno yake mawili nje. Tumecheka mpaka machozi.

Shule iko Bungoma, upande wa Kanduyi, karibu kabisa na kwao. Anaripoti shule zikifunguliwa, tarehe ishirini na tano.

Halafu tukaanza kupiga hesabu. Cherehani yangu iko hapa mtaani Tuwan. Wateja wangu wote ni wa Kitale. Na Kui ana miezi kumi. Atashinda kwa nani?

Alhamisi, 7 Agosti

Mama yangu amesikia, akasema jambo dogo hilo. "Mniachie mimi. Huyu ni mimi. Tuko na jina moja." Ni kweli, Kui ni kifupi cha Wanjiku, jina lake yeye, na kwa sababu hiyo mimi humwita Kui "mama" na watu hucheka.

Ningekubali saa hiyo hiyo. Lakini sijasahau mwezi wa sita. Kui alishikwa na degedege mikononi mwangu, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Joto lilipanda, macho yakageuka, mwili ukakaza kama mti. Daktari alisema ni homa tu, hiyo hutokea kwa watoto, ataiacha akikua. Sawa. Lakini mimi bado huamka kumgusa paji la uso.

Tumekubaliana hivi: tutatafuta kituo hapa na kule. Palipo pazuri ndipo mtoto atakaa. Moyo wangu unasema Kitale. Sijamwambia Sellah.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumeanza na ile bebikea ya huku nyuma ya soko. Wamama wengi wa Tuwan huacha watoto pale, na wengine ni wateja wangu.

Kimya! Ndicho kitu cha kwanza. Chumba kimoja, magodoro chini, pazia limefungwa, watoto wamelala wote wamepangwa kama mikate. Saa nne asubuhi. Mwenyewe anatuambia kwa fahari: "Hapa kwangu hakuna fujo. Watoto wangu ni wapole."

Kui akaanza kupiga kelele zake za ba-ba-ba. Hakuna aliyegeuka. Mmoja alikuwa na macho nusu wazi, anatuangalia, lakini haoni kitu.

Tulipofika barabarani Sellah akasimama. Ati yeye amefundisha watoto miaka mingi kwa shule za binafsi na hajawahi kuona hata wawili wakikubaliana jambo. Hawa wote wamekubaliana kulala? "Huo si usingizi, Baba Kui. Wamepewa kitu."

Mchana mteja wangu mmoja, muuza nyanya, amekuja kuchukua rinda. Mtoto wake ni wa pale. Nikamwambia tulichoona. Akakunja rinda polepole, akaniuliza: "Nikimtoa nimpeleke wapi?"

Akanilipa. Amerudi sokoni.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo ni kile kituo cha maana, upande wa mjini. Twiga wamechorwa ukutani mpaka dari. Nyasi za plastiki, bembea, vitanda vidogo vya mbao. Na kamera! Unafungua simu ukiwa kazini unamwona mtoto wako akila uji. Nilishajiona kwa cherehani, simu imesimama kando, namtazama Kui.

Mkurugenzi ni mama mpole, ananukia vizuri, anamwongelesha Kui kwa Kiingereza. Kila kitu kilikuwa kinaenda sawa mpaka Sellah akasema, "Kuna jambo moja mjue. Alipata degedege mwezi wa sita."

Yule mama akaweka kalamu chini. Tunawapenda watoto wote, akasema, lakini hatuna uwezo wa kuchukua wenye magonjwa. Akue kwanza kidogo. Tujaribu tena mwaka ujao.

Wenye magonjwa! Huyu aliyekuwa anamvuta shanga za shingoni akicheka!

Nje nilikosea. Nilimwambia Sellah, "Si ungenyamaza tu." Alikuwa anamfunga Kui mgongoni. Akamaliza kwanza kukaza leso.

"Na akishikwa huko, utamwangalia kwa kamera?"

Tumetembea mpaka nyumbani. Kui peke yake ndiye alikuwa anaongea, anamsalimia kila punda.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwomba Sellah msamaha. Amesema ameshasahau. Hajasahau, lakini amenipikia chapati.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo tumejaribu Mama. Nilimpelekea Kui asubuhi, Mama amevaa kile kitambaa chake kizuri cha kichwa kama anayeenda kanisani.

Nikarudi mchana. Nikamkuta Mama amekaa chini, mlangoni, miguu ameinyoosha kufunga njia, na Kui katikati yake anagonga viazi viwili. Mama hukaa chini siku hizi? Na ile nyonga yake mbovu? Nikauliza kuna nini.

Akasema Kui alienda kwa jiko. Yeye alikuwa kwa kiti, akamwona, akaanza kuinuka. Kabla hajasimama vizuri mtoto ameshika sufuria, ameivuta, maji yamemwagika yote.

Nikamnyakua Kui, nikaanza kumkagua.

"Ilikuwa baridi, Kibe," Mama akasema. "Leo ilikuwa baridi."

Nikamwambia hakuna shida, tutahamisha jiko, nitatengeneza kageti. Akatingisha kichwa. "Mimi na yeye tuko na jina moja. Miguu si moja. Mtafutieni mahali."

Ilibidi niite jirani anisaidie kumwinua. Alikuwa ameshindwa kusimama, na alikuwa amekaa hapo hivyo tangu asubuhi, akiimba, ili mtoto asipite.

Jumapili, 17 Agosti

Tuko Kanduyi kwa Mzee Absalom, babake Sellah. Kuku, ugali, mimi nimekaa wima kama niko kortini. Mkwe ni mkwe! Hata kikohozi nakimeza. Lakini Kui hana habari ya ukwe. Amepanda goti la Mzee, amemtoa kofia, amelamba kofia. Mzee ameangalia pembeni ili nisimwone akitabasamu.

Tangu mama mkwe atuache, Mzee anaishi na ng'ombe wake tu, kwa hivyo kumwachia mtoto haiwezekani na yeye mwenyewe anajua. Akasema kuna binti wa kanisani kwao, Emmy, mwalimu wa chekechea. Amefungua kituo upande wa nyuma ya stadium. "Ana kerere," Mzee akasema. "Rakini ana roho."

Kesho tunaenda.

Jumatatu, 18 Agosti

Kelele unazisikia kabla ya kuona geti!

Nyumba ya kawaida, ua wa mabati, uji ukutani, mtoto mmoja amevaa kiatu kimoja, mwingine analilia hicho kiatu. Wasichana wawili wasaidizi. Ticha Emmy akatoka na mtoto mgongoni na mwingine amemshika sketi. "Kalibuni! Kalibuni sana!"

Hakutusalimia sisi kwanza. Alipiga magoti mbele ya Kui, hakumbeba, hakumgusa. Akangoja. Kui akamwangalia. Mimi nikaanza kuona aibu, nikataka kusema, "Mama, salimia ticha." Sellah akanifinya. Mwishowe Kui akanyoosha mkono, akamshika pua.

"Haya," Emmy akasema. "Sasa tumejuana."

Maswali aliyouliza! Akilia njaa hulia namna gani? Hulala kwa mgongo au kwa tumbo? Nani humwogesha? Mimi nilijibu mengi kuliko Sellah, na nilifurahi, nakubali.

Tukafika kwa degedege. Emmy akauliza, "Mlifanya nini siku hiyo?" Nikamweleza. Akasema ikimkuta kwake atamlaza kwa ubavu, atalegeza nguo, hatamtia kitu mdomoni, na zahanati iko pale karibu, kila msaidizi anaijua njia. Akaeleza pole pole, anatuangalia usoni. Halafu: "Nitampigia nani kwanza? Baba au mama?"

"Mimi," nikasema.

Sellah akanigeukia. "Wewe utakuwa Kitale."

Hapo ndipo nilijua tumeshaamua. Hakuna aliyesema "tuchague hapa". Ilitoka tu, mbele ya mgeni, na watoto wakipigania kiatu. Nikasema ndio, mpigie mama.

Jumatano, 20 Agosti

Kui alienda kujaribu siku moja. Mimi na Sellah tulikuwa tunatafuta nyumba ya kupanga huku Kanduyi. Simu ya Sellah ikalia, nikaipokea mimi. Emmy.

"Baba Kui, mtoto wenu ameng'atwa. Mkono wa kushoto. Ni mwenzake. Mimi nilikuwa nabadilisha mwingine nepi, sikufika kwa haraka. Amelia, amenyamaza. Njooni mwone."

Tulikimbia! Sellah alivua viatu, akakimbia peku.

Alama iko juu ya kiwiko, duara, meno yote yanahesabika. Damu haikutoka. Sellah alitaka kujua ni nani aliyemng'ata. Emmy akasema pole, akasema tena pole, lakini jina hatasema. "Siku Kui atang'ata mtu, lake pia sitasema." Sellah akambeba mtoto, akatoka bila kwaheri.

Mama amepiga simu, akapandisha sauti mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Ati tumempeleka mjukuu wake kwa simba.

Jioni Sellah anampaka Kui mafuta ya mgando. Mimi ndiye nilikuwa na hasira, nikasema tutafute kwingine, haraka, siku zimeisha. Yeye anapaka tu. Baadaye akasema, kama anaongea na mkono wa mtoto: "Yule wa Tuwan angepiga simu?"

Akafunika mkebe wa mafuta.

"Kesho nitaenda kumsalimia Emmy. Nilimtokea vibaya."

Ijumaa, 22 Agosti

Kitale. Nashona sare za shule tangu alfajiri, mwalimu mkuu anazitaka shule ikifunguliwa. Nimekata mkono mmoja wa shati mfupi kuliko mwenzake. Kitambaa kimeharibika. Sijafanya kosa hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa fundi.

Jumamosi, 23 Agosti

Tumebeba vitu vya Sellah na Kui kwenda Kanduyi, kwa nyumba tuliyopata kupanga. Kitanda cha mtoto, beseni, sufuria. Nyumba yangu ya Tuwan sasa ina mwangwi.

Kabla ya kuondoka tulipita kwa Mama. Alimshika Kui, akanusa utosi wake, akakaa hivyo. Kui akatulia, ajabu, yeye ambaye hatulii. Mama akasema, "Nendeni, mvua inakuja." Hakukuwa na wingu hata moja.

Jumatatu, 25 Agosti

Sellah ametoka mapema. Amevaa ile sketi ya kijivu niliyomshonea, chaki mpya ndani ya mkoba kama msichana wa kidato cha kwanza. Alimbusu Kui mara nyingi, akatoka, akarudi, akambusu tena. Mimi nilibaki na kazi ya kumpeleka.

Mpango wangu: nimweke chini penye vidude vya kuchezea, akishughulika nitoroke polepole. Wazazi wote hufanya hivyo. Nilikuwa nimefika kwa geti, nanyata kama mwizi, Emmy akaniona.

"Baba Kui! Unaenda bila kumuaga?"

Nikasema sitaki alie.

"Acha alie. Ukimtoroka leo, kesho atashinda analinda mlango badala ya kucheza. Rudi umwambie."

Nikarudi. Nikapiga magoti. Nikamwambia, mama, mimi naenda kazini, mama yako atakuja jioni. Anaelewa nini, bana? Lakini aliniangalia, na nilipoinuka mdomo ukaanza kupinda. Akalia! Akashika suruali yangu. Emmy akamtoa kidole kimoja kimoja, akiniambia nenda, nenda sasa.

Nimevuka barabara, nimekaa hapa kwa benchi ya fundi viatu. Nimesikia akilia. Halafu sauti ikashuka. Halafu nikasikia Emmy anaimba, na watoto wanaitikia, na kati yao ba-ba-ba moja ninayoijua. Amenyamaza! Nimefurahi na imeniuma, vyote kwa pamoja. Natamani angelia kidogo zaidi.

Sellah ametuma ujumbe: amepewa darasa la pili, wamejaa mpaka dirishani. Mama amepiga: "Amelia?" Nikasema amelia, amenyamaza. Akavuta pumzi. "Na wewe?"

Mwalimu mkuu wa Kitale naye amepiga, sare ziko wapi? Nikamwambia niko njiani.

Siko njiani. Fundi viatu ameniuliza nangoja nani, nikamwambia mtoto wangu yuko pale ndani. Tukaongea, kazi yako ni gani, nikasema kushona. Akasema huku mafundi wa sare ni wachache, na akanionyesha mlango wa bluu hapa kando yake, umefungwa, mpangaji alihama. Chumba kidogo, dirisha linatazama barabara. Linatazama geti la Emmy.

Nimesema naangalia tu. Mama je, na nyonga yake? Na Mzee Absalom atasema nini, mkwe kuhamia karibu na ukweni? Sellah hajui hata kama bado niko Kanduyi. Nimesema naangalia tu, lakini fundi ameshaita mwenye nyumba, na yule pale anakuja, mama mmoja mnene, anatembea bila haraka, ameshika funguo. Nafunga daftari, nasimama kumlaki.