Welo, si Wero

Jumatatu, 3 Machi
Nimekama ng'ombe, nimechambua dagaa wa omena, nimeimba. Mama mkwe alisikiliza kutoka jikoni, akigonga sufuria kila nilipokosea. Leo amegonga mara mbili tu. Naendelea vizuri!

Anajua nyimbo nyingi za dodo, zile wanawake wa huku Lambwe huimba kwenye sherehe, mmoja akiongoza na wengine kuitikia. Hakuna mwingine anayezijua zote. Binti zake wako Nairobi, wanasema watajifunza Desemba. Desemba ngapi sasa? Mimi, Mkuria wa Kehancha, nimepewa wimbo mmoja wa majaribio. Nikiuweza, nitapewa zilizobaki. Nikishindwa, atakwenda nazo kaburini. Alisema hivyo hivyo, bila kupepesa macho.

Jumatano, 5 Machi
Watu wa utamaduni wanakuja sokoni Rodi Kopany Jumamosi kurekodi nyimbo za kina mama. Zitahifadhiwa, watoto wa shule wazisikie. Mama mkwe kifua kinambana. Amesema niongoze mimi. Nimeruka mpaka kuku wakatawanyika.

Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, mwenyekiti wa kikundi chetu cha waimbaji, hakufurahi. "Kwani dodo itaongozwa na mwa?" Mwa ni mtu asiye Mjaluo. Nina miaka kumi na mmoja hapa, nimezaa Wajaluo wanne, bado ni mwa. Niliapa kutokula kwa hasira. Njaa ikashinda.

Ijumaa, 7 Machi
Nywele tayari. Mstari wa kwanza ni Welo osebiro, wageni wamefika. Nimeusema mpaka mume wangu akahamia sebuleni.

Jumamosi, 8 Machi
Tumeimba! Soko zima lilisimama. Mwenye duka la vitambaa, Mwislamu kutoka Garissa, alitoka na futi yake shingoni kututazama. Sijawahi kufurahi hivyo mbele za watu.

Kisha watu wa utamaduni wakatuchezea walichorekodi, nikajisikia mwenyewe. Sikusema welo. Nilisema wero. Ulimi wetu Wakuria hauna L, na ukisisimka hurudi kwao. Nyumbani hata kalamu ni karamu. Lakini kwa Kijaluo wero ni kuimba. Nimewatangazia watu kwamba kuimba kumefika. Mara saba.

Min Akinyi alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Alitangulia nyumbani.

Jumapili, 9 Machi
Aibu. Kanisani Min Akinyi amenisalimia "Wero." Kisimani, wero. Kikundi chote kimeshika hilo neno, wanaliimba wakiteka maji. Nataka kulia. Nataka pia kumpiga mtu.

Nimempigia simu afisa aliyerekodi. Yuko Homa Bay mjini, amekubali turudie Jumanne. Nimemwambia mama mkwe. Akasema haya, bila kunitazama. Najua anachowaza, kwamba amemchagua mtu asiyefaa.

Jumatatu, 10 Machi
Welo. Welo. Nimemwambia ng'ombe. Nimemwambia jirani aliyekuja kuazima jembe.

Jumanne, 11 Machi
Tumerudi sasa hivi.

Homa Bay, chumba kidogo, madirisha yamefungwa. Mama mkwe alikuja, akakataa kiti. Nikaanza. Welo osebiro. L safi, kama niliyezaliwa nayo! Kisha kikundi kikaitikia, wanawake wanane kwa sauti moja: Wero osebiro.

Wamenitania siku tatu, ndimi zao zimezoea. Na Min Akinyi ndiye aliyewazidi wote kwa sauti. Aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Afisa akauliza kama aanze upya. Wote tukamgeukia mama mkwe. Alikuwa anacheka, anakohoa, anacheka tena, ameshika ukuta.

"Wageni wamefika, kuimba kumefika," alimwambia afisa. "Hapo kuna ubaya gani? Acha ikae hivyo."

"Nyar Kuria, umetuharibia ulimi," Min Akinyi akasema, akiniita binti wa Kuria, naye akanishika mkono mpaka stendi. Nilifurahi, nilikasirika, nilitaka soda. Lakini kuhusu zile nyimbo nyingine mama mkwe hakusema lolote, na mimi niliogopa kuuliza.

Jumatano, 12 Machi
Mvua kidogo asubuhi. Watoto wameenda shule. Tulikaa jikoni, mimi na yeye, tukichambua mboga. Akaanza wimbo nisioujua, taratibu, kwa pumzi fupi. Mstari mmoja tu. Akanyamaza, macho kwenye mboga, vidole vikiendelea na kazi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananingoja.

Nikauimba. Akanipa mstari wa pili.