Mtutu wa Baba Mkwe Umeshika Pazia Langu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba kwanza usinicheke, maana nikimsimulia mtu jambo hili atadhani nimetunga, lakini sijatunga, naapa, liko mbele ya macho yangu sasa hivi ninapokuandikia na limeshika pazia.

Mimi nalea watoto wadogo wa watu nyumbani kwangu, mama zao wakienda kazini wananiachia asubuhi na jioni wanawachukua, nina kibali changu kimetundikwa ukutani, sebuleni nimeondoa makochi nikatandika magodoro, na dirishani nimeweka pazia zito ili wapate kulala mchana. Mume wangu ni fundi wa majokofu. Tuna kishamba nje kidogo ya mji, tumepanda mihogo, na msimu huu nguruwe pori wameingia wakakichimba chote utadhani wamekodiwa, basi mume wangu akafanya kosa moja tu, akamlilia baba yake kwenye simu.

Baba mkwe anaishi nchi jirani. Huko kwao ni mwindaji anayejulikana, ana kibali halali cha bunduki na kibali halali cha kuwinda, anavilipia, anajua msimu wa kuwinda na msimu wa kuacha, mnyama mwenye mimba hampigi, na kwa kweli mshauri ni mzee wa watu, tangu niolewe hajawahi kunitolea neno baya. Sasa aliposikia nguruwe wanamfilisi mwanawe hakuuliza swali, alipanda lori la mpwa wake anayebeba mizigo ya mpakani, akaja na bunduki yake ya marisau ameifungua vipande vipande na kuvizungushia mikeka. Ameshuka hapa anacheka. "Mkwe wangu," akaniambia, "nguruwe wako nimewaletea salamu."

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, huyu mgeni kaja na mwenyeji anaelekea jela! Maana hapa kwetu hata mtoto anajua, bunduki isiyo na kibali cha nchi hii haina faini wala onyo, ni kufungwa, na mnyama wa porini hata akuchimbie mihogo yote ni wa serikali, humgusi mpaka ofisi ya wanyamapori iseme. Nikamweleza mume wangu chumbani, mume wangu akaenda kumweleza baba yake, nikasikia ukutani mzee akiuliza, "Kwani nguruwe wa huku wana serikali?" Kisha akatoa kile kibali chake mfukoni, kimevalishwa plastiki, kina picha na muhuri, akaniwekea mezani nikisome. Nimekisoma. Ni kibali kizuri sana. Ni cha kwao.

Kikaitwa kikao cha familia, wifi yangu akaja, na hapo ndipo akili za watu zilipohama. Wifi akasema kipande si bunduki. Kila mtu achukue kipande kimoja, lori la mpwa likirudi mzee ataokota vyake ataondoka navyo, na polisi wakija kabla ya hapo watakuta nini? Ubao, bomba, chuma. Wote wakaitikia, mshauri, watu wazima na ndevu zao! Kitako akachukua wifi, kiko kwake chini ya kitanda. Ile sehemu ya kati yenye kifyatulio mume wangu kaizika kwenye sanduku lake la spana. Na mtutu sasa, mimi nilikuwa nadai bomba la pazia tangu mwaka jana, la zamani lilishapinda, Jumapili narudi sokoni nakuta pazia limenyooka vizuri na mume wangu anajipangusa mikono. "Si ulitaka bomba?"

Nilipiga kelele, nikanyamazishwa, baba atasikia. Kila nikifungua mdomo ni hivyohivyo, baba atasikia, baba ataumia, baba kasafiri mbali kwa ajili yetu. Na huyo dereva lori limemharibikia, tukimpigia anasema kesho, na kesho yake haifiki.

Sasa wiki iliyopita jioni, mtoto wa nesi mmoja, ndiyo kwanza anajifunza kusimama, alishika pazia ajivute, pazia likaja, mtutu ukaja nalo, ukaanguka kwenye godoro, palepale alipokuwa amelala mwenzake ambaye mama yake ndiyo kwanza alikuwa amemchukua. Hakuumia mtu. Lakini nesi alikuwa mlangoni anavua viatu. Na baba mkwe, badala ya kuutupia shuka, akauokota, akaupangusa kwa leso yake taratibu, akafumba jicho moja akachungulia ndani kwenye mwanga aone kama umepinda. Nesi akauliza, "Babu, hicho ni nini?" Mzee si mwongo, nikamwona anafungua mdomo, nikamwahi, "Bomba la pazia!" nikasema kwa sauti ya juu mpaka watoto wakaanza kulia. Nesi akautazama mtutu, akamtazama mzee, akanitazama mimi. Akambeba mwanawe akaondoka, na usiku mume wangu akaurudisha mtutu dirishani. Kesho yake hakumleta. Alituma ujumbe kwamba mtoto ana homa.

Mshauri, sili, silali, pikipiki ikisimama nje mimi tayari nimeshafungwa. Mume wangu anasema natia chumvi. Baba mkwe mwenyewe anakaa na watoto, anawaigia sauti za ndege, wanampenda kweli, na mimi nikimtazama nataka kulia na nataka kumrushia sufuria. Nimwambieje aondoke na vitu vyake bila kuonekana nimemfukuza? Ukoo mzima utasema mzee alikuja kusaidia, mke akamtimua. Nifanye nini nisimvunjie heshima?

Ni mimi, mlezi wa watoto wa wenzangu.

JIBU LA MSHAURI

Mlezi, uliniomba nisikucheke. Samahani, nilicheka, mpaka pale kwenye godoro. Hapo nikaweka kikombe chini na sijacheka tena.

Pole. Kukaa kati ya mume asiyesikia na mkwe usiyeweza kumpandishia sauti ni kazi ngumu, na hukuileta wewe hiyo bunduki. Nimekupa pole yako. Sasa nikuseme.

Unaniuliza habari za heshima! Watoto wa watu wanalala chini ya mtutu, umemdanganya mama mzazi machoni, na bado swali lako ni ukoo utasemaje? Mwanangu, hebu amka.

Nianze na wifi yako, wakili wa familia. Kipande si bunduki, ati. Nimemuuliza wakili wa kweli, yule anayetusaidia hapa gazetini, akavua miwani kwanza. Anasema kwa sheria yetu mtutu peke yake ni kosa, na hicho cha kati chenye kifyatulio peke yake ni kosa. Kwa hiyo mlikuwa na mtu mmoja mwenye kesi, mkakaa kikao, mkatoka wanne. Hongereni.

Mumeo, huyo fundi. Mwambie nimesema hivi: mtu anayeweza kutundika mtutu anaweza kununua bomba. Na kama yeye ndiye aliyemlilia baba kwenye simu, basi yeye ndiye atakayemweleza baba, tena sebuleni mchana mbele yako, si kunong'ona nyuma ya ukuta.

Mzee mwenyewe simchukii. Kwao amefuata kila sheria, pengine kutuzidi sisi tunaoringa hapa. Alichokosea ni kudhani haki yake inasafiri naye. Haisafiri! Kuna nchi mtu anawinda kwenye shamba lake na jirani anamwomba mguu wa nyuma. Kuna nchi hukabidhiwi bunduki mpaka ufanye mtihani na daktari akupime akili. Kuna nchi mnyama akilala mlangoni kwako unamruka kwa adabu unaenda kuripoti. Ipi ina akili kuliko nyingine, watabishana wenye muda. Kibali cha mzee ni ufunguo wa nyumba yake, hata ukiwa mzuri namna gani haufungui mlango wa jirani. Aambiwe hivyohivyo, ni mtu mzima, ataelewa. Nyinyi mnamfanya mtoto mchanga halafu mnaita heshima.

Halafu kuna kitu hukukitaja. Nimeisoma barua yako tena na tena nakitafuta. Kitako umekitaja, mtutu umeutaja, kifyatulio umekitaja. Mzee hakupanda lori kuja kuwapiga nguruwe kwa kitako. Risasi ziko wapi?

Hujui, eh? Nilijua hujui, kwa sababu ungejua ungekuwa umeandika. Labda ziko kwenye mfuko wa koti la mzee, koti lenyewe liko msumarini sebuleni, na mwenye kujifunza kusimama hushika chochote kinachoning'inia. Ukimaliza kusoma mstari huu weka gazeti chini, nenda kaulize. Na usiulize kwa sauti ndogo. Baba atasikia? Asikie!

Sasa nisikilize vizuri. Kesho asubuhi usipokee mtoto hata mmoja. Waambie mama zao kuna tatizo nyumbani, na hilo kwa mara ya kwanza litakuwa kweli. Chumba chenye hivyo vitu kifunge, ufunguo ukae nao wewe. Usirudishe kitu kwenye lori, maana kukivusha mpaka tena ni kosa la pili juu ya la kwanza. Na usikitupe, namjua wifi yako kabla sijamwona, lazima atasema chooni. Usikibebe barabarani pia, hata kwa nia njema, maana polisi utakayekutana naye njiani hataisoma nia yako. Mtafuteni wakili, wapo wanaosaidia bure, nimeacha namba ya wetu hapa ofisini, ulizia mapokezi. Aende naye mumeo pamoja na baba yake mpaka kituoni, mikono mitupu, na kibali cha mzee na plastiki yake, waseme ukweli wote, wifi akiwemo, kisha polisi waje wenyewe kuchukua. Wakili anasema anayejipeleka husikilizwa tofauti na anayekutwa. Sikuahidi kwamba mzee hatahojiwa, wala kwamba bunduki ataiona tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na nyinyi mmeyaficha dirishani.

Nguruwe waachieni ofisi ya wanyamapori. Kawasumbueni kila wiki mpaka waje. Mihogo hupandwa tena.

Limebaki la nesi, na hili ndilo unaloliogopa kuliko polisi, ndiyo maana umelipitisha haraka. Yule mtoto hana homa, mlezi. Mama yake ana macho. Baada ya kituoni nenda kwake kwa miguu yako, umwambie lile halikuwa bomba. Huenda akakufokea, huenda akawaambia wenzake ukakaa na magodoro matupu mwezi mzima, huenda hata hicho kibali cha ukutani kikaja kuulizwa maswali. Kubali. Hao wanawake hawakukuletea watoto kwa sababu ya karatasi, walikuletea kwa sababu walikuamini, na hiyo imani ndiyo uliyoificha nyuma ya pazia ili mzee mmoja asinune.

Na ukoo ukisema umemtimua baba mkwe, waache waseme, watasema wiki mbili watachoka. Bora waseme hivyo, kuliko jioni moja nesi avue viatu mlangoni kwako na wewe usiwe na mtoto wa kumpa.