Siri ya Wiki Tano ya Wilf Garrod

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ufariki bila kuzungumza nami kwa wiki tano.

Wewe, uliyechekesha watu miaka hamsini! Viangazi arobaini na kimoja kwenye ukumbi wa maonyesho wa gatini, hapa pwani kwetu Great Yarmouth, na kila Krismasi, kwenye mchezo wa watoto, ukivaa gauni la bibi kizee, kifua umekijaza soksi, watoto wakipiga kelele mpaka dari linatikisika. Wachekeshaji wenzako walikupa kombe la fedha; ukalifanya chombo cha kumnyweshea mbwa wetu maji. Hukuweza kununua mkate bila kuchelewesha foleni nzima kwa vichekesho.

Ndiyo maana tulishtuka uliponyamaza. Novemba ile nilikwambia, "Baba, magoti yamekwisha. Mwaka huu gauni libaki kabatini. Utaanguka jukwaani, na watu watacheka wakidhani ni mchezo."

Hukujibu. Jumapili iliyofuata ulikula nyama, ukamwambia Mama tu, "Viazi vizuri, Beryl," ukahamia dirishani.

"Umemuudhi mzee," dada yangu Lorna akanisuta jikoni. "Mdomo wako huo!"

"Nimesema kweli."

"Kweli nayo ina namna ya kusemwa, Des."

Tarehe kumi na tisa Desemba moyo wako ukasimama, umekaa kwenye kiti chako, redio inaimba. Mimi nikabaki na langu rohoni: nimemuua Baba kwa maneno. Sikumwambia mtu.

Siku kumi na moja baadaye, hatujakuzika bado, akapiga simu mwandishi wa gazeti la hapa. "Mpeni mzee hongera! Jina lake limo kwenye orodha ya nishani za Mfalme."

"Umechelewa, kaka," nikamwambia. "Mzee yumo jenezani."

Mama akakaa kwenye ngazi, koti bado mwilini.

Barua tuliikuta ndani ya boksi la wigi lako. Tarehe yake ni ya wiki ileile niliyokwambia habari ya magoti. Inauliza kama utaipokea nishani, na inaonya usimwambie mtu yeyote mpaka itangazwe. Nyuma ya bahasha umeandika kwa penseli: "Nimeshajibu ndiyo. Sasa Wilf, funga bakuli lako. Hasa kwa Des. Nikianza kuongea na Des sijui kunyamaza. Halafu kuhusu magoti, anasema kweli."

Nilicheka, Baba, kisha nikalia, kisha nikalala saa kumi mfululizo. Mzigo ukanitoka. Kumbe hukununa. Ulibeba siri, na maishani mwako hukuwahi kubeba kitu kizito namna ile.

Nishani Mama ameibandika kwenye gauni lako la bibi kizee, juu ya soksi. Anasema sasa ndiyo umekamilika.

Wanaokukumbuka, leo na siku zote, ni mkeo Beryl. Wanao Lorna na Desmond. Wajukuu zako Tamsin na Kit. Na mbwa, ambaye mpaka leo hanywi ila kombeni.

Siri yako ilitugharimu Jumapili tano mezani bila kichekesho hata kimoja, mechi mbili tulizozoea kutazama pamoja, na kikombe kimoja cha chai ulichonimiminia Jumapili ya mwisho, nikakiacha kikapoa.