Baraka Itangoja Jumamosi

Alhamisi, Agosti 1974

Mama amenuna tangu tufike, eti baba amemkataa mtoto wangu aliyezaliwa tukiwa Nairobi. Kwetu mzee humtemea mtoto mchanga mate kidogo kifuani, ndiyo baraka. Leo baba alisimama tu mlangoni, mikono nyuma ya koti lake la kiwanda cha chai.

Jana hospitalini walimdunga dawa yenye mionzi, wapige picha waone kansa ya tezi dume imefika mifupa gani. Daktari akamwonya asikaribie watoto hadi Jumamosi. Nimemweleza mama mara tatu. Hasikii.

Baba aliuliza kutoka pale mlangoni, "Masikio ya mtoto ni ya nani?"

"Ni yako, baba."

Jumamosi dawa itakuwa imemtoka. Kuhusu ugonjwa wenyewe, daktari hakutaja siku, na mimi sikuuliza.