Mtoto Mwenye Jina Lako Amevimba Mikono

Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Naogopa. Ningetaka kuanza na habari nzuri, maana zipo: niliolewa, nikazaa msichana, meno mawili ya chini yameshatoka na anauma kila kitu, hata rozari ya mama. Tulimpa jina lako, Nsimire. Sasa mtaani naitwa Mama Nsimire, na bado nageuka nikidhani unaitwa wewe.

Jumapili tulirudi kutoka misa tumenyeshewa. Kulipokucha mikono ya mtoto ilikuwa imevimba, vidole vimejaa, analia kila nikivigusa. Mama alikuja, akaviangalia, akatoka nje. Unajua alichokiona. Ametusimulia mara ngapi kwamba kwako ilianza hivyo hivyo?

Tangu siku hiyo hatamki jina. Anasema "mutoto", basi. Jana, tukichambua majani ya sombe, akaniuliza: "Ju ya nini mulimupatia jina ya mutu mwenye alikufa na maumivu?" Nina hasira naye, na namwonea huruma pia. Ni yeye aliyekuzika.

Najua jina halileti drepanositozi, ule ugonjwa wako wa selimundu. Wewe mwenyewe ulinieleza, ulipokuwa unasoma biolojia, umejifunika blanketi mbili na jua linawaka mtaa wote wa Kadutu. Ulikuwa unafungua na kukunja kiganja mbele ya macho yangu: "Petite, mudogo wangu, angalia. Hewa ikifika, protini ya damu inalegea, inaibeba. Hewa ikitoka, inakaza. Ya batu bengine inakaza tu, inabakia yenyewe. Yangu ikikaza inashikamana na zingine, chembe yote inajipinda. Iko na woga kama weye!" Ukacheka mpaka kifua kikakuuma, nami nikakununia.

Siku ile ile ulinihadithia kuhusu wataalamu wanaobuni protini zao wenyewe, zinazofunguka na kujifunga zikipata ishara. Ulisema siku moja watakutengenezea yako, isiyo na woga. Haikuwahi kufika, Yaya. Sasa naomba imkute huyu mdogo, na hata kuomba kwenyewe kunanitetemesha, kwa sababu ni kama nimeshakubali kwamba anaumwa.

Kesho nampeleka kupimwa damu. Mume wangu anasema tungoje, labda ni baridi ya mvua tu. Nimekataa. Anaogopa kama mimi, ila yeye woga wake unamkalisha kwenye kiti. Mama amesema atatusindikiza. Sijui kama anakuja kunitia nguvu au kusikia hukumu.

Nakuahidi haya. Hataoga maji baridi. Homa ikimshika sitangoja kupambazuke, hata kama risasi za usiku zinalia mtaani. Hakuna atakayesema mbele yangu kwamba amelogwa, kama walivyosema juu yako ukiwa unasikia. Nitamweleza damu yake mapema, kwa kiganja, kama ulivyonieleza. Na jina halibadiliki. Mama atalizoea, au atalia, lakini litaitwa humu nyumbani.

Pumzika vizuri huko Nyantende ulikozikwa. Ukitaka kutembea ndotoni, njoo kwangu, nitakupokea. Kwenye kitanda cha mtoto usipite. Wazee wanasema marehemu huwaita kwao wale wanaowapenda, na wewe ungempenda mno.

Nakupenda, Yaya. Lakini huyu niachie.