Mashine Tuliyoisimamisha Bila Wimbo

Papa,

Mashine yako imesimama wima. Nimeisimamisha leo mchana. Usinicheke. Ulizoea kuniita simba wa ateliye, karakana yetu ya mbao. Simba wako leo aliogopa chuma.

Tangu tukuzike, ile mashine ya kupasua mbao ililala ubavu hapa uani Kilibula, ndani ya sanduku lake lililovunjika, turubai juu. Mama akienda kuanika muhogo alipita mbali nayo. Juzi nikamwambia Baba Mdogo kwamba nitaifungua mimi, maana kazi ulinifundisha mimi. Nilisema kwa kishindo, Papa, kisha hadi leo asubuhi sikuthubutu kuinua turubai.

Unajua ninachoogopa. Siku ile tuliwaita wavuvi majirani zetu watusaidie kuishusha kwenye lori. Mama alikuwa shambani Bwegera, kwenye mpunga. Wanaume wale wamekulia kwenye nyavu: wakisikia wimbo, mwili unavuta wenyewe. Ukaniambia niimbe, kwa kuwa sauti yangu inafika mbali. Kisha ukainama kuweka kibao chini ya kona, na mimi sikukuona. Nikafika kwenye kiitikio. Wakavuta wote kwa pamoja, kama wanavyovuta wavu. Mashine ile kichwa chake ni kizito kuliko miguu. Ikakuangukia.

Mama aliambiwa kamba iliteleza. Nami nikaacha iwe hivyo.

Leo wavuvi walewale wamekuja. Kwanza nilisoma karatasi iliyokuwa ndani ya sanduku, ile ambayo siku ile hatukuitafuta hata. Humo pamechorwa mahali pa kupitisha kamba. Nikapiga mstari wa chokaa upande ambao mashine ingeweza kuangukia. Nikawaambia: "Leo hakuna kuimba. Mutaangalia mukono yangu. Ikishuka, munasimama." Walizoea kunitania, lakini leo hakuna aliyetania.

Tukafunga kamba palipochorwa, tukaiinua kwa mtaimbo, upana wa kidole, tukaweka kibao. Kidole kingine, kibao kingine. Vibao tulivisukuma kwa fimbo ndefu, si kwa mkono. Iliyumba mara moja, nikashusha mkono, wote wakaganda. Ilipotulia nikageuka, nikamwona Baba Mdogo amevuka mstari, ameinama palepale ulipoinama wewe. Nikapiga kelele: "Weye, toka!" Mdogo wako nimemwita weye mbele ya watu! Akatoka. Hakukasirika. Alikaa juu ya magogo akajifuta macho kwa shati.

Saa nane mashine ikasimama juu ya saruji. Nimekaza bolti zote nne, nimepima usawa wake kwa nivo, grisi nimeifuta kwa mafuta ya taa. Umeme sijaunganisha. Kazi hiyo inataka akili iliyotulia.

Ndipo Mama akatoka ndani, alikokuwa amejifungia tangu asubuhi. Akaitazama mashine, akatutazama sisi. Akauliza: "Kazi nzito hivi, mbona hamukuimba, juu ya nini?" Wavuvi wakaanza kukunja kamba. Wao wanajua, Papa. Tangu siku ile wanajua, wakanisitiri bila kuombwa. Nilimjibu kwamba tumechoka, nikaingia ndani kunawa.

Nimenawa mara tatu. Chuma kile niliogopa kitaniponda, lakini kuogopa uso wa Mama ni kubaya zaidi. Je, kama hatanitazama tena? Ungekuwapo ningekutuma wewe umweleze. Ona ujinga wangu.

Nakuaga hapa, baba yangu. Udongo usikulemee. Na ahadi yangu ni hii: kesho tukitoka misani nitamkalisha Mama, nitamshika mikono yote miwili, na nitamwambia nani alikuwa akiimba.

Binti yako,
Neema